Muda Hujumlishwa, Wanangu

Wanangu mnaoendesha baiskeli za mashindano, sogeeni karibu, maana koo langu haliwezi tena kushindana na kelele za barabarani. Haya nimeyasema mara nyingi, na najua baadhi yenu mkiniona nafungua mdomo mnatazamana. Tazamaneni tu. Nitasema hata hivyo, kwa sababu kila msimu naliona kosa lile lile. Kijana anashinda siku ya kwanza, anabebwa juujuu, usiku halali kwa furaha, siku ya pili miguu imemkataa. Mwenziwe anapata pancha siku hiyo hiyo ya kwanza, anaitupa baiskeli mtaroni na kurudi kwao kwa basi. Wote wawili hawajaelewa mbio za siku nyingi ni kitu gani.

Mbio za siku nyingi huchukua muda wako wa leo, zikauongeza kwenye wa jana, na kesho zikaongeza tena, hivyo hivyo hadi siku ya mwisho. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye bingwa. Hesabu hii mtoto wa shule ya msingi anaiweza, lakini imewashinda watu wazima kwa zaidi ya miaka 120. Kubwa kuliko zote za aina hii ni Tour de France. Nataka muijue historia yake, kwa sababu makosa yenu yote yalikwisha kufanywa huko, na wenyewe waliyaandika.

Asili yake ni ugomvi wa magazeti. Paris kulikuwa na gazeti la michezo lililoitwa Le Vélo, likichapwa kwenye karatasi za kijani, na mpinzani wake L'Auto, la karatasi za njano, lililoongozwa na Henri Desgrange. L'Auto halikuwa linauzika. Mwishoni mwa 1902 mwandishi wake kijana, Géo Lefèvre, alipendekeza waandae mbio za kuizunguka Ufaransa yote. Ndiyo, wazo lilikuwa la kijana. Msije mkasema mzee huyu hawasifu vijana kamwe. Tarehe 1 Julai 1903 waendeshaji 60 waliondoka mbele ya mkahawa mmoja huko Montgeron, nje kidogo ya Paris. Hatua zilikuwa sita tu, kilomita 2,428. Gawanyeni wenyewe: ni kama kilomita 400 kwa hatua moja, mchana na usiku, barabara za vumbi na mawe. Aliyeshinda ni Maurice Garin, aliyewahi kuwa msafisha dohani, akamwacha wa pili karibu saa tatu. L'Auto likauzwa kama mkate wa moto. Le Vélo likafungwa mwaka uliofuata.

Mwaka wa pili tu, uchafu ukaingia. Hapo ndipo naomba vijana wangu wa njia za mkato wanisikilize. Mwaka 1904 waendeshaji walituhumiwa kuvutwa na magari na kupanda treni. Usiku mmoja, kwenye mlima karibu na Saint-Étienne, mashabiki wa kijana wa huko waliwavamia wapinzani wake kwa marungu, na wasimamizi wakalazimika kufyatua risasi hewani. Garin alifika Paris wa kwanza tena, akashangiliwa, akala sifa zake. Miezi minne ikapita. Chama cha baiskeli cha Ufaransa kilikuwa kinachunguza kimya kimya, na ilipokaribia Desemba kikawafuta wanne wa kwanza wote: Garin, Lucien Pothier, César Garin ndugu yake, na Hippolyte Aucouturier. Ushindi akapewa aliyekuwa wa tano, Henri Cornet, kijana wa miaka 19. Hadi leo hajatokea bingwa mdogo kuliko yeye. Desgrange alivunjika moyo akaandika kwamba mbio zake zimekwisha, kisha mwaka uliofuata akaziandaa tena. Hilo nalo mlitie akilini.

Sasa kuna mtu mmoja nitawasimulia, na kwake msinikimbize. Anaitwa Eugène Christophe. Kabla ya baiskeli alikuwa fundi wa kufuli, mtu aliyekijua chuma. Mwaka 1912 alimaliza wa pili. Mwaka 1913 waandaaji waliirudisha hesabu ya muda, maana tangu 1905 walikuwa wanahesabu pointi za nafasi. Kwa pointi, aliyepitwa kwa sekunde moja na aliyepitwa kwa saa nzima walikuwa sawa, ilimradi wamefuatana. Kwa muda, unalipa kila dakika uliyodaiwa.

Mwaka huo huo, kwenye hatua ya kutoka Bayonne kwenda Luchon, kilomita 326 ndani ya milima ya Pyrenees, Christophe alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Akiwa anateremka mlima Tourmalet, uma wa mbele wa baiskeli yake ukakatika. Hapakuwa na gari la mafundi likimfuata, wala baiskeli ya akiba. Sheria ilisema kila mtu ajitengenezee mwenyewe, bila msaada wa mtu yeyote. Akaitwika baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 huku aliowaacha nyuma wakimpita mmoja mmoja, hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Huko akaoneshwa karakana ya mhunzi.

Mhunzi angeuunga ule uma kwa muda mfupi tu, lakini hakuruhusiwa hata kushika nyundo. Wasimamizi wa mbio walisimama pale pale wakimlinda. Christophe akatia chuma motoni, akafua, akatoboa, akaunga. Shida ni kwamba mtu mwenye mikono miwili hawezi kushika chuma, kupiga nyundo na kuvukuta moto kwa wakati mmoja. Mtoto wa kiume aliyekuwapo akamvukutia mara chache. Kazi ilipokwisha, wasimamizi wakamwandikia adhabu ya dakika 10, kwa sababu mtoto amemsaidia. Baadaye wakazipunguza zikawa tatu. Mtu alikuwa amepoteza karibu saa nne, na bado wakaona ipo haja ya kumwongezea dakika tatu za mvukuto! Inasimuliwa kwamba kwa Desgrange, mbio bora ni zile ambazo mtu mmoja tu angefika mwisho. Mimi nayaamini hayo nikikumbuka ile karakana. Christophe alijaza mkate mifukoni, akapanda Aspin, akapanda Peyresourde, akafika Luchon. Hakuitupa baiskeli mtaroni. Paris alifika wa saba.

Vita vikaja vikasimamisha kila kitu. Mbio za 1914 zilikuwa zimeanza siku ile ile mwanamfalme wa Austria alipopigwa risasi Sarajevo, na mabingwa watatu wa zamani, François Faber, Octave Lapize na Lucien Petit-Breton, hawakurudi kutoka vitani. Mwaka 1919 waliobaki walikusanyika tena, na katikati ya mbio Desgrange akaleta jezi ya njano ya kumtambulisha anayeongoza, rangi ya karatasi za gazeti lake. Mtu wa kwanza kuivaa, huko Grenoble, alikuwa Christophe, akiwa na miaka 34. Watazamaji walimtania kwa rangi ile wakimwita jina la ndege wa manjano, naye akaona aibu. Siku ikafika zikabaki hatua mbili tu. Kwenye ile ya kutoka Metz kwenda Dunkirk, zaidi ya kilomita 460, uma ukakatika tena. Akatafuta karakana, akafua tena mwenyewe. Zaidi ya saa moja ikaenda. Jezi akaivaa Mbelgiji Firmin Lambot, na Christophe akamaliza wa tatu. Wasomaji wa L'Auto walimchangia fedha, majina yao yakajaza kurasa. Mwaka 1922, kwenye mlima Galibier, uma ukakatika mara ya tatu.

Nikiwatajia habari hizi mnaniambia: mzee, huyo alikuwa na mkosi. Sawa, na mkosi upo. Lakini mtazameni Lambot. Mwaka ule wa 1922, akiwa na miaka 36, alishinda Tour de France nzima bila kushinda hatua hata moja. Aliyekuwa akimtangulia, Hector Heusghem, aliadhibiwa saa nzima kwa kubadilisha baiskeli kinyume cha sheria. Lambot alikuwa karibu, hana deni kubwa, basi jumla ikamwangukia. Greg LeMond wa Marekani alifanya hivyo 1990. Chris Froome alifanya hivyo 2017. Kwa hiyo yule kijana anayelia kwa sababu hajawahi kupandishwa jukwaani jioni, namwambia afute machozi anioneshe daftari lake la muda.

Na wewe unayekuja mazoezini umechelewa ukicheka, hii ni yako. Mwaka 1989 bingwa mtetezi, Pedro Delgado wa Hispania, alifika kwenye mstari wa kuanzia huko Luxembourg akiwa amechelewa dakika 2 na sekunde 40. Saa ilikuwa imeshaanza kumhesabia. Alipanda milima ya mwaka ule kama simba, akamaliza wa tatu, dakika 3 na sekunde 34 nyuma ya mshindi. Mbele yake walipigana Laurent Fignon na LeMond, ambaye miaka miwili nyuma alipigwa risasi kwa bahati mbaya akiwinda na shemeji yake, na vipande vya risasi vilikuwa bado mwilini. Siku ya mwisho kila mmoja alikimbia peke yake dhidi ya saa, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Champs-Élysées. Fignon aliingia akiwa mbele kwa sekunde 50 na wengi walikwisha kumpa kombe. LeMond alishinda kwa sekunde 8. Baada ya kilomita 3,285, sekunde 8! Mimi kufunga kamba za kiatu kimoja nachukua zaidi ya hapo. Tafuteni basi Fignon aliziacha wapi, maana hakuziacha siku ya mwisho peke yake. Kila siku ya wiki tatu zile ilikuwa na sekunde 8 zake.

Nimeacha dawa hadi sasa, kwa sababu zinanichosha kuliko yote. Nimesikia kuna watu wanawafuata vijana na vidonge, wanawaambia ni vitamini. Tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson, mwenye miaka 29, alianguka kwenye mlima Ventoux, jua kali, kilele kikiwa karibu. Hakuamka. Mwilini mwake walikuta dawa za kusisimua, na mfukoni mwa jezi yake mlikuwa na nyingine. Mwaka 1998 maofisa wa forodha walikamata gari la timu ya Festina likiwa limejaa dawa, mbio nusura zivunjike. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Lance Armstrong ilikuwa ndefu: alishinda mara 7, kuanzia 1999 hadi 2005, na miaka yote hiyo alikana na kuwashitaki waliomsema. Mwaka 2012 alivuliwa yote, na Januari 2013 akakiri mbele ya televisheni. Ushindi huo hawakupewa waliomaliza wa pili, kwa sababu walio nyuma yake nao wengi walikuwa wachafu. Ukifungua orodha ya mabingwa leo, miaka saba hiyo haina jina. Siwaambii kwamba kila mwongo hukamatwa, maana ningekuwa nawadanganya. Nawaambia hesabu yao yaweza kufunguliwa upya hata baada ya miaka kumi, na Simpson hakupata nafasi ya kukana wala kukiri.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Froome alizaliwa Nairobi 1985, na aliyemfundisha kupanda vilima vya pembezoni mwa jiji lile ni David Kinjah, Mkenya wa rasta ndefu, pamoja na vijana wake. Mara ya kwanza kwenye Tour, 2008, Froome alimaliza wa 84. Alisubiri hadi 2013 kuvaa njano Paris, kisha 2015, 2016 na 2017. Biniam Girmay wa Asmara, Eritrea, alishiriki 2023 akarudi bila hatua hata moja. Mwaka 2024 alishinda tatu na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Na hapa jirani, mbio za kuizunguka Rwanda zina historia tangu 1988. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika. Barabara ya lami imefika hadi mlangoni mwenu, kisingizio cha umbali kimekwisha.

Neno la mwisho ni kwenu nyinyi viongozi wa vilabu, mliokaa kwenye viti vya kivulini mnatikisa vichwa kana kwamba haya yanawahusu watoto tu. Mnapima muda wa watatu wa kwanza, mnapiga picha, mnakunja meza, na mtoto wa ishirini anafika hakuna mtu kwenye mstari. Atajuaje kesho kama amepunguza? Mwaka 1903, katika wale 60, walifika 21, na wa mwisho wao, Arsène Millocheau, alikuwa nyuma ya Garin kwa zaidi ya saa 64. Walimsubiri, wakauandika muda wake, na bado upo hadi leo. Nunueni daftari, nunueni saa ya kupimia, na mtu asiondoke mstarini mpaka mtoto wa mwisho aandikwe.