Muda na Miti: Maombi ya Nehemia

Jumanne

Soma Nehemia 1:1–4 na 2:1–8. Nehemia alimwomba mfalme mambo gani? Unadhani alianza kuyafikiria lini?

Hanani na wenzake walifika Shushani mwezi wa Kisleu, wakaleta habari kwamba ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umebomoka na malango yake yameteketezwa kwa moto. Nehemia aliketi akalia, akafunga, akaomba. Lakini alimweleza mfalme Artashasta jambo hilo mwezi wa Nisani. Hesabu: ni yapata miezi minne. Muda wote huo mnyweshaji huyu aliendelea na kazi yake, wala hakuwahi kuonyesha huzuni mbele ya mfalme.

Tumezoea kuhubiri juu ya sala fupi ya 2:4, ile aliyoiomba kati ya swali la mfalme na jibu lake. Ni sala njema. Ila angalia kinachofuata. Mfalme anauliza safari itachukua muda gani, naye Nehemia anataja muda. Kisha anaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, wasimzuie njiani. Anaomba tena barua kwa Asafu, mtunzaji wa msitu wa mfalme, ili apewe miti. Nayo miti hiyo ina kazi tatu: malango ya ngome ya hekalu, ukuta wa mji, na nyumba atakayokaa yeye mwenyewe. Hata jina la mtunza msitu analijua! Mambo kama hayo hayapatikani kwa sala ya nusu dakika. Ni lazima aliulizia mapema. Miezi ile ya kufunga ilikuwa pia miezi ya kuhesabu, na Biblia haioni ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Tena alipopewa yote, Nehemia hakujisifia akili zake. Alisema ni mkono mwema wa Mungu uliokuwa juu yake.

Hapa inatubidi tujichunguze. Tunalo neno zuri, "Mungu akipenda", nalo linapatana na fundisho la Yakobo 4:13–15. Yakobo aliwakemea wafanyabiashara waliopanga mwaka mzima kana kwamba kesho ni mali yao. Hakuwakemea kwa sababu ya kupanga. Lakini sisi mara nyingi tunalitumia neno hilo kufunga mazungumzo. Baba akiulizwa nyumba itaanza kujengwa lini, "Mungu akipenda" huwa na maana ya kwamba hakuna tarehe wala hesabu. Mzazi anafunga na kuomba juma la kwanza la Januari ili ada ya mtoto ipatikane, ilhali mavuno yaliuzwa Julai, na Januari haijawahi kuhama mahali pake katika kalenda. Mungu husikia sala hiyo pia. Lakini hata Julai palikuwa na sala ya kuombwa, yenye kiasi na tarehe ndani yake.

Wengine watauliza: Yesu yu karibu kuja, ya nini kupanga mambo ya miaka kumi? Swali hili linatuhusu sana sisi Waadventista. Mwaka 1844 baadhi ya waamini huko Marekani waliacha mazao yao shambani bila kuvuna, kwa kuwa walimtazamia Bwana Oktoba 22. Waliodumu katika tumaini baada ya masikitiko yale hawakuacha kumngoja. Hata hivyo, mwaka 1863 waliunda Konferensi Kuu. Mwaka 1866 walifungua kituo cha afya mjini Battle Creek, na mwaka 1874 wakafungua chuo hapohapo. Chuo! Kazi ambayo matunda yake huonekana baada ya miaka mingi. Watu walewale waliohubiri kwamba Bwana yu mlangoni ndio waliokaa vikaoni kujadili majengo, walimu na karo.

Neno moja zaidi, tusije tukaligeuza somo hili kuwa fimbo. Soma Nehemia 5:1–13. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na mizabibu yao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wakaingia utumwani. Nehemia, mpangaji hodari, hakuwaambia kwamba walishindwa kujipanga. Hasira yake iliwaelekea wakopeshaji, akawataka warudishe mashamba siku ileile. Huenda katika kikundi chako yuko mtu ambaye mpango wake ulimezwa na ukame, au na ugonjwa wa mama yake. Usimsomee habari za chungu wa Mithali 6 kabla hujamuuliza amekula nini.

Chagua jambo moja unaloliombea sasa. Kama leo mtu mwenye uwezo angekuuliza unahitaji nini hasa, na kwa muda gani, ungemjibu nini? Andika jibu lako kabla ya Sabato, uje nalo kwenye kikundi.