Khabari ya Maji ya Lambo Yaliyogeuka Kijani, na Viumbe Viozeshavyo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote ni zake Mwenyezi Mungu, Muumba wa vikubwa na vidogo, na sala na salamu zimshukie Bwana Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baadu. Enyi Waislamu, jueni ya kuwa katika nchi ya Vigwaza, karibu na mto Ruvu, watu na ng'ombe hutumia malambo, na kiangazi kikizidi maji hupungua yakageuka kijani. Hapo hutokea mtu akafika wakati wa adhuhuri, akayatazama kwa machukizo, akapiga mchanga kwa viganja, akatayamamu na kusali. Mtu huyo hudhani amefanya hadhari katika dini yake, na kumbe sala yake haikusihi, na yampasa airudie. Kwani tayamamu haijuzu ila kwa kukosa maji au kwa kudhurika nayo, naye maji anayo mbele yake.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj ya kuwa maji yaliyogeuka kwa kukaa sana, au kwa udongo, au kwa tuhlub, yangali ni maji ya kutahirishia. Tuhlub ndiyo huo mwani wa maji matamu, utando wa kijani. Na maulamaa wameieleza sababu: kitu hicho ni cha maji yenyewe, na ni vigumu kuyaepusha nacho. Ndipo wakasema, mtu akiutoa, akauponda, kisha akautia majini kwa makusudi, hukumu hugeuka.

Wala utando huo si uchafu. Ni viumbe vidogo mno, hata kimoja peke yake aghalabu hakionekani kwa jicho; hujifanyia chakula kwa mwanga wa jua, na hutoa hewa ile ile wanayoivuta wanadamu na wanyama. Wataalamu wa zama hizi wamekadiria ya kuwa kiasi cha nusu ya hewa hiyo itolewayo duniani hutoka baharini, na nyingi yake hutolewa na viumbe vya namna hii vinavyoelea. Mvuvi wa Bagamoyo havioni, na riziki yake yatokana navyo: vidudu vya bahari huvila, dagaa hula vidudu, na nguru hula dagaa.

Lakini mwani hauishi kwa jua tu. Wataka chakula kitokacho katika vilivyooza, na kuozesha nako kuna wenye kazi yake: bakteria, kuvu, minyoo na mchwa. Tazameni kichuguu. Mchwa wake huchukua miti mikavu, wakailimia kuvu ndani ya vyumba vyao, na kuvu hiyo huilainisha miti wakapata kuila. Na mvua zikinyesha uyoga huchipuka juu. Kadhalika mikoko ya mlango wa Ruvu: jani likianguka, kaa hulivuta shimoni, kuvu na bakteria hulivunjavunja, na kamba wadogo hupata chakula matopeni. Lau si viumbe hawa, majani yaliyoanguka tangu zama za Nabii Nuhu yangalilala pale pale, na ardhi isingalikuwa na cha kuotesha. Naye Bwana Mtume amekataza kustanji kwa mfupa na kwa kinyesi cha mnyama, kwa kuwa ni chakula cha majini na wanyama wao. Basi hata mavi ni riziki ya mwenyewe.

Ila riziki ina mahali pake. Kinyesi cha ng'ombe ni najisi katika madhehebu ya Shafi. Kikizidi lamboni, mwani hukithiri, kisha hufa. Na bakteria wanaouozesha huimaliza hewa ya majini, hata samaki wakaonekana asubuhi wameelea tumbo juu. Maji yaliyo chini ya kula mbili, yaani dhiraa 1 na robo kwa urefu, upana na kina, hunajisika kwa kuguswa tu, isipokuwa kwa kidogo kilichosamehewa kwa uzito wa kuepukika. Yakitimia kula mbili hayanajisiki mpaka rangi, ladha au harufu igeuke kwa najisi yenyewe. Mwenye shaka kama ni mwani au ni mavi arudi katika asili, na asili ya maji ni tohara.

Tena uko mwani mwingine wenye sumu, utandao juu ya maji mithili ya rangi iliyomwagwa, na wanyama wamekufa kwa kuunywa. Tabibu mwaminifu akisema maji hayo yatamdhuru mtu, tayamamu ni halali yake.

Mwenye mifugo basi asiwaingize ng'ombe lamboni. Awachotee maji katika hori, na lambo alitie ua. Bwana Mtume amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Sembuse kuyaingizia kundi zima, na jirani yake ayategemea kwa udhu na kwa chungu chake.

Na mavi yale ayapeleke shamba, minyoo na kuvu wayafanyie kazi. Mchicha uoteao hapo ni tohara na kuula ni halali. Kama samadi imegusa jani, lioshwe.

Wallahu aalam.