Mtu Wetu Kwenye Kamati ya Shule

Juma hili siendi na mahubiri ya Jumapili neno kwa neno, kwa sababu kuna jambo limetukalia kooni hapa Jomvu Kuu na watu kadhaa wameniomba nilisemee. Shule zimeanza kuita mikutano ya wazazi ya kila mwaka, na mikutano hiyo ndiyo huchagua wawakilishi. Ujumbe umezunguka kwenye simu zetu ukitaka washirika wote wajitokeze siku ya mkutano wa shule moja ya umma hapa jirani, tumchague "mtu wetu" kabla "wale" hawajaweka wa kwao. Sababu zimetajwa: ati mtaala unaharibu watoto, ati somo la CRE linafinywa, ati tukilala tutaamka tukute shule si yetu tena.

Hilo neno la mwisho ndilo lilinisimamisha. Ilikuwa yetu lini?

Swali lenyewe nililoulizwa ni hili: je, Mkristo anatenda haki akimpigia mtu kura kwenye kamati ya shule ya umma kwa sababu tu ni Mkristo mwenzake? Wengine wanaona ni swali dogo. Mimi naona ni kubwa, maana ndani yake kuna watoto wa watu wengine.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi tunapigania kiti bila kujua kinakaliwaje. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inasema kila mzazi mwenye mwanafunzi shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi. Kila darasa lina mwakilishi wake, walimu wanaongeza 2, na hao ndio kamati tendaji. Mwenyekiti wao na wenzake 2 wanaingizwa kwenye bodi ya usimamizi, ile tunayoiita BOM. Bodi yenyewe ina viti 6 vya wazazi, viti 3 vya mfadhili wa shule, kuna mwakilishi wa walimu, kuna wa watu wenye mahitaji maalum, na wengine. Nimesoma orodha yote. Kiti cha mtu wetu hakimo.

Na kama huna mtoto pale, huna kura. Nasema hivi kwa upendo, lakini nasema. Shangazi akienda kuketi kwenye darasa la Gredi 4 ajifanye mlezi wa mtoto asiyemjua hata jina la pili, huyo anasema uongo, hata kama mkutano ulifunguliwa kwa maombi. Kutoka 20 haikuweka msamaha wa siku za uchaguzi.

Halafu huo mtaala. Bodi ya shule haitungi mtaala. Mtaala unatungwa na KICD kule Nairobi, na vitabu vinavyoruhusiwa vimeorodheshwa kwenye kitabu chao kinachoitwa Orange Book. Kwa hiyo ukiletewa picha ya ukurasa mchafu kwenye simu, ukaambiwa ndio watoto wanafundishwa, uliza kwanza: kitabu kinaitwaje, ni cha gredi gani, kimo kwenye hiyo orodha? Ukikosa jibu usisambaze. Kusambaza kitu usichokijua ni kushuhudia uongo, tofauti ni kwamba siku hizi tunashuhudia kwa kidole gumba.

Sisemi wazazi wanyamaze. Wazazi wa nchi hii wamebishana na CBC tangu ilipoanza rasmi mwaka wa 2019, na wengine walikuwa na haki. Tunakumbuka sote zile jioni za kutafuta katoni na vikopo, na kupanga foleni saiba kuprint picha ya rangi ya mnyama ambaye mtoto angeweza kumchora. Mwaka wa 2021 mama mmoja, wakili, aliupeleka mtaala huo Mahakama Kuu. Mwaka wa 2022 Rais Ruto aliunda jopo chini ya Profesa Raphael Munavu, likazunguka kupokea maoni, likatoa ripoti mwaka wa 2023. Hata hesabu, ambayo ilikuwa imepangwa iwe ya hiari sekondari ya juu, watu walilalamika na mwaka wa 2025 wizara ikairudisha kuwa ya lazima. Njia ya kubishana na mtaala ipo na inafanya kazi. Ila haipiti kwenye kumwondoa mwenyekiti wa wazazi wa Jomvu Kuu kwa sababu anaitwa jina la Kiislamu.

Sasa tuingie kwenye Neno. Nimekuwa nikikaa na Danieli sura ya 1 kwa majuma mawili, na kuna kitu tunakipita haraka. Vijana wale walichukuliwa Babeli, wakapewa majina mapya, wakawekwa miaka 3 kusoma maandiko na lugha ya Wakaldayo. Hebu fikiria yaliyokuwa ndani ya mtaala huo. Nyota, ndoto, miungu yao. Na Danieli alisoma. Alisoma akafaulu kuwapita wenzake. Pale alipokataa ni kwenye chakula cha mfalme. Hata kukataa kwenyewe hakukuwa kwa kelele, aliomba ajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji, tena aliomba kwa adabu kwa mtu ambaye angeweza kukatwa kichwa kwa ajili yake. Danieli alijua mstari wake uko wapi, ndiyo maana hakuhitaji kupigana na kila kitu. Mzazi asiyejua mstari wake uko wapi atapigana na kitabu cha Kiswahili kwa sababu mhusika ndani yake anaitwa Fatuma. (Hili si mzaha, nimeletewa.)

Tena angalia: Danieli alijiombea yeye na wenzake watatu. Hakuomba vijana wote wa jumba la mfalme wanyimwe nyama.

Hapo ndipo huwa nakumbuka kesi ya Isiolo, ambayo nadhani kila mchungaji anayeketi kwenye bodi ya shule angepaswa kuijua. Shule inaitwa St. Paul's Kiwanjani, ya kutwa, ya wavulana na wasichana, na mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Mwaka wa 2014 pakatokea ombi wasichana wa Kiislamu waruhusiwe hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likapinga, likaenda mahakamani. Mzazi mmoja, Mohamed Fugicha, mwenye mabinti pale, akaingia kwenye kesi. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ikasimama na kanisa. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufaa ikasimama na Fugicha. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya namna dai lake lilivyowasilishwa, ikasema akitaka aanze upya.

Kwa hiyo kanisa lilishinda. Lakini piga hesabu. Msichana aliyekuwa Kidato cha 1 ubishi ulipoanza alikuwa ameshamaliza Kidato cha 4 kabla hukumu ya mwisho kusomwa. Watu wazima walibishana juu ya kichwa chake miaka yote ya shule yake, kihalisi juu ya kichwa chake. Sina ugomvi na ndugu zetu Wamethodisti, na sare nayo ina maana yake shuleni. Ninachouliza ni kama ushindi wa namna hiyo ndio tunautafuta.

Sheria ile ile ya 2013 inamruhusu mfadhili kudumisha mambo ya kiroho shuleni, na papo hapo inamtaka alinde imani ya wale wasio wa dhehebu lake. Mambo hayo mawili yako kwenye sentensi moja. Sisi Wapentekoste tunapenda nusu ya kwanza.

Na hapa Pwani nusu ya pili ina historia. Wajomvu ni moja ya yale mataifa 12 ya Waswahili wa Mombasa, walikuwa hapa na misikiti yao kabla ya kanisa lolote. Wamisionari wa Kimethodisti wakaja karne ya 19 wakajenga kituo Jomvu na Ribe. Shule zilipokuja zilikuja mkono mmoja na kanisa, na wazazi wengi wa Kiislamu wakawazuia watoto wao wakiogopa wataingia kwa kalamu watoke na ubatizo. Hofu hiyo ilichelewesha watoto wengi. Sisi makanisa yetu ni ya juzi, wengi wetu tulikuja kutafuta kazi bandarini na kwenye viwanda vya Changamwe. Mtu wa hapa akisikia kanisa linakusanya kura kwa ajili ya kamati ya shule, hasikii habari ya mwaka huu. Anasikia ile ya babu yake.

Nilisoma biashara chuo kikuu, na mnanivumilia nikirudi huko. Kuna tatizo ambalo kila anayesimamia mali ya wengine analo: wenye mali hawako pale kumwona. Dawa yake haijawahi kuwa kumtafuta msimamizi wa kabila lako au dini yako. Dawa ni kuuliza maswali ya kuchosha. Hesabu zinasomwa mkutanoni au zinatajwa tu? Huyu mgombea ana duka la sare? Shemeji yake ndiye anapeleka maharagwe shuleni? Pesa za mradi wa vyoo zilipitishwa na nani, na vyoo viko wapi? Kwa sababu kazi halisi ya bodi ni hiyo: chakula cha mchana, madawati, nidhamu, na walimu wanaoajiriwa na bodi wakati serikali haijaleta wa kutosha. Mtu anaweza kunena kwa lugha Jumapili na Jumatatu akapitisha bei ya dawati mara mbili. Tumeona mambo.

Ila kwangu mimi jambo limekaa kwenye Matendo 6, na hapa naomba mfungue Biblia zenu msome wenyewe. Kanisa la kwanza lilikuwa na ugomvi wa chakula. Wajane wa upande wa Wayunani walikuwa wanasahaulika kwenye ugawaji, na walioshika mezani walikuwa Waebrania. Mitume wakasema, chagueni watu 7. Soma majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Mkutano wote uliwachagua, na inaonekana walitoka upande wa walioonewa. Ukapewa meza nzima, pamoja na chakula cha wajane wa Kiebrania. Hakuna aliyesimama kuuliza mtu wetu yuko wapi.

Kwa hiyo nikienda kupiga kura kama mzazi (nina mtoto PP2) nitauliza hivi: kati ya hawa wanaogombea, ni nani mtoto asiye wa dini yake atakuwa salama mikononi mwake? Akiwa Mkristo, sawa. Akiwa Mwislamu, sawa. Mathayo 7:12 naielewa hivyo. Nataka mwanangu akikosa mwalimu wa CRE asilazimishwe kukaa kwenye IRE, basi sina budi kutaka hivyo kwa mtoto wa jirani. Ijumaa huwa naenda kwenye kipindi cha PPI, na kuna siku ustadhi hafiki. Watoto wake huletwa wakae nyuma ya ukumbi wetu, kwa kuwa hakuna mahali pengine. Huwa namwomba mwalimu awape darasa tupu na kazi ya kufanya. Naweza kuwahubiria, mlango uko wazi na mwalimu hana neno. Lakini mama zao hawakuniita.

Mama mmoja wa ushirika wa Jumatano, ambaye namheshimu kwa sababu ameomba katika nyumba hii kabla sijaokoka, aliniambia, "Pasta, hayo ni mazuri ya kuandika. Je, wao wakiishika kamati watatufanyia hivyo hivyo?" Nilimjibu, "Mama, sijui." Wengine watafanya, wengine hawatafanya. Alisema Danieli naye alitupwa kwa simba mwishowe, na hapo ana haki, sura ya 6 iko pale pale. Sina jibu la kumfanya asiwe na hofu. Ninachojua ni kwamba ile amri haikungoja jirani aanze.

Basi mzee mmoja wa kanisa aliposikia haya yote akanibana kwa upole, kama wazee wanavyojua. Akasema: tuchukulie bodi mpya imekaa, shule ina mwalimu wa CRE lakini haina wa IRE, na wazazi wameombwa kuchangia mshahara wa mwalimu huyo. Washirika wetu wenye watoto pale watoe? Nikasema ndiyo, watoe, na mimi nitatoa. Akanyamaza kidogo, akauliza kama naweza kulisema hilo madhabahuni Jumapili. Nikamwambia nitaanza kwa kuliandika.