Mkongwe wa Vita ni Nani?

Ukitaja "mkongwe wa vita" hapa Hai Amarat, watu wanamfikiria mzee mwenye magongo, aliyeingia msituni baada ya 1983 na kurudi na amani ya 2005. Huyo mzee yupo kweli, na bado anahitaji matunzo. Lakini si yeye peke yake tena. Vita vya 2013 na 2016 vimeleta wengine: vijana, wasichana waliobeba mizigo na kupikia vikosi, hata watoto. Mwaka 2015 kule Pibor, watoto zaidi ya 1,700 waliachiliwa kutoka kundi moja tu, la Cobra. Aliyekuwa na miaka 12 wakati ule sasa amepita 20.

Hii inabadilisha hesabu ya afya. Chukua mguu wa bandia. Mtu mzima hubadilishiwa kila miaka 3 hadi 5 hivi, na mtoto anayekua mara nyingi kila miezi 6 hadi 12. Aliyekatwa mguu 1990 akiwa na miaka 20 ameshapita 50, na sasa ana presha au sukari juu yake. Kijana wa 2016 anaweza kuwa na miguu yote miwili na bado halali usiku. Mpango ukinunua miguu tu, huyo mzee ametibiwa nusu, na kijana hajatibiwa kabisa.

Wasichana je? Kule Sierra Leone, ambako vita viliisha 2002, mpiganaji aliyetaka kusaidiwa aliambiwa kwanza aonyeshe bunduki. Wasichana wengi hawakuwa nayo, wakakosa.

Sasa swali gumu, ambalo kambini linaulizwa kwa sauti ya chini: kwa nini askari atibiwe, na mimi nilimkimbia askari? Mama aliyechomewa nyumba apange foleni moja na aliyeshika kiberiti? Wengine wanajibu kwamba askari ndiye alituletea uhuru wa 2011, kwa hiyo apite mbele.

Mimi sikubali upande wowote. Kama taifa lina deni la heshima kwa askari, lilipe kwa pensheni. Dawa si medali. Lakini kumnyima dawa nako si haki. Makosa ya vita yana mahakama yake, na nesi hakuajiriwa kuhukumu. Foleni iwe moja, na anayeumwa zaidi aingie kwanza, awe mama yule au askari yule.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaopanga huduma, msianze na "ulipigana wapi?" Anzeni na: una miaka mingapi, unaumwa wapi, jana ulilala? Halafu hesabuni tena mwaka ujao, maana watu wanazeeka. Kijana wa miaka 25 leo ataihitaji hiyo kliniki mpaka awe mkongwe kweli.