Maajabu ya Dunia: Nanga ya Mwana wa Anaka

Namuwongo, Kampala, hakuna kimya. Reli inapita ubavuni mwa nyumba, bodaboda hazilali, mahubiri ya usiku yanashindana na redio, na mvua ikishuka juu ya mabati mtu hamsikii aliyeketi naye mkeka mmoja. Chini kule mfereji wa Nakivubo unabeba maji ya jiji kuelekea kwenye mafunjo na ziwani. Wakazi wengi, au wazazi wao, walitoka kaskazini mwa Uganda wakikimbia vita. Walifika mikono mitupu.

Katikati ya kelele hizo nimemwona mzee wa Kiacholi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amepakata lukeme. Ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma, zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Kila ulimi amezungushia kipete cha waya, ndicho kinachoutia mvumo. Alikuwa akiutengeneza mmoja: anausukuma ndani kwa ukucha, kidogo mno, anaubonyeza, anainamisha kichwa, anausukuma tena. Ghafla akatulia. Sauti ilikuwa imefika mahali pake. Hakuwa na kipimo chochote mkononi ila sikio alilopewa na Muumba wake.

Nasi tunalo lile lile, na tunalichukulia kama kitu cha kawaida. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna mifupa mitatu midogo: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kina urefu wa milimita 3 hivi, na mtoto huzaliwa mifupa hiyo ikiwa tayari na ukubwa wa mtu mzima. Ndani zaidi, katika mfereji uliojiviringa kama kombe la konokono, zimepangwa chembe zenye vinywele zipatazo 15,000, kila kundi likiitika sauti yake, nene au nyembamba. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Mtoto huanza kusikia angali tumboni. Anaijua sauti ya mama yake kabla hajauona uso wake.

Tena kuna sheria ambayo hakuna mfalme aliyeitunga. Bana uzi katikati, nusu yake italia sauti ile ile, ila nyembamba zaidi, noti ya nane ya ngazi. Ni hivyo Gulu, ni hivyo Paris, na ndivyo ilivyokuwa kwa Yubali, ambaye Kitabu cha Mwanzo kinamtaja kuwa baba wa wapigao kinubi na filimbi. Waacholi nao wanacho kinubi chao, nanga, chenye nyuzi saba.

Mwanamuziki Geoffrey Oryema alijifunza nanga kwa baba yake. Alizaliwa Soroti tarehe 16 Aprili 1953, lakini asili yake ni Anaka, huko Acholi. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi ya Uganda, kisha akawa waziri. Mtu wa cheo kikubwa namna hiyo alikaa na mwanawe akamwonyesha nyuzi! Mimi naona hilo ni kubwa kuliko cheo chenyewe.

Februari 1977 baba huyo aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake, Charles Oboth Ofumbi. Serikali ya Idi Amin ilisema ni ajali ya gari. Geoffrey alikuwa na miaka 23. Alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, na kutoka huko akafika Ufaransa.

Ndani ya buti hakuna nafasi ya mali. Lakini askari wa mpakani, hata angelifungua, angepekua nini? Nyimbo za Anaka zilikuwa zimekaa mahali ambapo mkono haufiki. Madaktari wamewaona wazee waliosahau hata majina ya watoto wao, ila ukianza wimbo wa utotoni wanaupokea. Mungu alipoufanya ubongo, muziki aliufukia chini sana.

Miaka hiyo hiyo, Uingereza, alikuwepo mtu wa njia nyingine kabisa. Brian Eno, aliyezaliwa mwaka 1948 mjini Woodbridge, alikuwa katika bendi ya roki ya Roxy Music hadi 1973, akichezea mitambo ya umeme ya kutengeneza sauti. Noti hakuzijua kusoma, na mwenyewe alikuwa akisema yeye si mwanamuziki. Baadaye angefanya kazi na David Bowie, na kuwa prodyuza wa Talking Heads na U2. Lakini jambo linalonishangaza mimi lilimpata kitandani. Januari 1975 aligongwa na teksi jijini London. Akiwa anauguza majeraha, rafiki alimletea santuri ya kinubi, muziki wa karne ya 18, akaondoka. Eno mwenyewe, kwa taabu, akaiweka ikalia, akarudi kitandani. Sauti ilikuwa chini mno na spika moja haikufanya kazi. Hakuwa na nguvu ya kuinuka tena kuongeza. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Akalala hivyo, akisikia nyuzi chache zikichomoza katikati ya mvua, na humo akapata wazo la muziki unaokaa pamoja na sauti za mahali badala ya kuzifunika. Mwaka ule ule akatoa *Discreet Music*, na baadaye *Music for Airports*.

Kinubi kilimfundisha mgonjwa wa London kusikiliza, na miaka kumi na mitano baadaye akaletewa kinubi kingine. Mwaka 1990 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki wa roki Peter Gabriel, ilitoa albamu ya kwanza ya Oryema, *Exile*. Prodyuza alikuwa Eno. Mtu mwenye mitambo yote ile angeweza kuizamisha nanga kwa urahisi. Hakufanya hivyo. Vyombo ni vichache, uzi unapigwa na kuachwa uishe wenyewe, na sauti ya Oryema inashuka chini kabisa bila kusukumwa. Aliimba Kiacholi na Kiswahili, lugha za ujana wake, na Wazungu wasioelewa neno walinyamaza wakasikiliza. Nasema bila kusita: hakuna albamu ya Mganda ninayoiweka juu ya hiyo.

Nyingine zilifuata, *Beat the Border* mwaka 1993 na *Night to Night* mwaka 1996. Desemba 2016, baada ya karibu miaka arobaini, Oryema alirudi akapiga muziki Kampala. Alifariki Ufaransa tarehe 22 Juni 2018, akiwa na miaka 65.

Yule mzee wa Namuwongo bado anapiga, na watoto wanampita wakiwa na spika za simu masikioni. Ndugu msomaji, kama kwenu yupo anayejua nanga, lukeme, zeze au ngoma ya kwao, usingoje afe ndipo umsifu. Jumapili hii zima redio, mwite mtoto, mkalishe karibu na mikono ya mpigaji huyo.