Je, Kusimamisha Mawe ni Kuabudu Sanamu?

Kila Jumapili baada ya ibada vijana wetu wa Uvira hushuka kando ya Ziwa Tanganyika, wakasimamisha jiwe juu ya jiwe. Wazee wengine wanauliza: je, huku si kurudia sanamu? Swali lao ni la haki. Mwaka 1921, kule Nkamba, Baba Simon Kimbangu aliwaambia watu waache sanamu na hirizi, nasi hatutarudi nyuma.

Lakini tumejaribu wenyewe. Jiwe halisimami kwa nguvu. Mkono hulitafutia polepole mahali padogo pa kukalia, mpaka uzito wake utulie, na kelele ya moyo hunyamaza pamoja nalo. Yakobo naye alisimamisha jiwe kule Beteli, akalimiminia mafuta. Nadhiri yake aliiweka kwa Mungu.

Basi tupime hivi: sanamu ni kitu tusichokubali kianguke. Wimbi likiyaangusha mawe yao, vijana hucheka, wakarudi nyumbani na amani. Tusiwakataze furaha hiyo. Afazali sisi wazee tujiulize: moyoni mwetu, ni jiwe gani tunaloogopa lianguke? Amina.