Mwenzetu Asipofika: Tumuache ao Tumutafute?

Swali tunalotaka kuchunguza hapa linaonekana dogo. Watu wamepatana kukimbia pamoja kila asubuhi. Mumoja anaacha kuja. Wenzake wana deni gani kwake? Na yeye ana deni gani kwao? Wengine watasema hayo si mambo ya kitabu cha desturi, ni mambo ya spoti tu. Lakini tumeishi ndani ya vikundi hivi miaka mingi, na tumeona kwamba hapo, juu ya lami na juu ya mawe meusi ya volkano, desturi yetu ya kusaidiana inapimwa kila siku mbele ya jua kutoka.

Musomaji asiyejua Goma anapashwa kuelezewa kidogo. Kwetu hapa futingi si kazi ya mutu peke yake. Kila kartye iko na kikundi chake: vijana, wamama wa soko, walimu, wenye kuendesha pikipiki. Wanatoka saa kumi na moja, giza ingali, na wanakuwa wengi zaidi siku ya posho na siku ya yenga. Mumoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na miguu inafuata. Hakuna chombo cha kupima mwendo. Wimbo njo unapima: mutu akikosa pumzi ya kuitikia, wote wanasikia kama amenyamaza, na kiongozi mwenye akili anapunguza. Muji wetu uko karibu metre 1500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mugeni anayetoka bonde la chini anajua hilo kwenye kilima cha kwanza.

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mutu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa juma. Ni shauri jema. Lakini hatujaona bado mutu aliyetoka kitandani saa kumi na moja, mvua ya mwezi wa nne ikinyesha, juu ya dakika 150. Anatoka juu anajua kwamba kuna mutu anamungoja kwenye kona.

Na siku inafika ambapo hatoki. Sababu ni zile za kila nyumba: malaria, goti lililovimba, uzazi, kilio, mushahara usiolipwa ambao unaondoa hata hamu ya kuvaa viatu. Muji wenyewe pia unaanguka, na unaangusha wote mara moja. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma mpaka ziwani, na watu mamia ya maelfu wakakimbilia Gisenyi. Mwaka 2020, juu ya Covid-19, serikali ilikataza watu zaidi ya 20 kukusanyika. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikarudia, moto ukasimama pembeni ya muji, na siku tano nyuma yake sehemu kubwa ya wakaaji wakaamriwa kuhama, wengi wakashika njia ya Sake. Mwisho wa Januari 2025 vita vikaingia ndani ya Goma. Kila mara vikundi vya futingi vilivunjika, na kila mara vilijikusanya tena, lakini si vyote, na si na watu wote. Kwa nini hiki kilirudi na kile kikafa? Hapo njo swali letu linakuwa kubwa.

Mwili wenyewe haudanganyi. Nyuma ya juma mbili ao tatu bila mazoezi, pumzi inaanza kupungua. Mutu aliyekuwa mustari wa mbele anarudi na kujikuta wa mwisho, anasikia wimbo ukienda mbali naye. Kwa maoni yetu, si uchovu unaomurudisha nyumbani kwa mara ya pili. Ni haya. Anawaza macho ya wenzake. Anawaza yule kijana ambaye zamani alikuwa anamungoja, na leo huyo kijana njo anamungoja yeye. Uvivu, ambao wahubiri na walimu (na sisi tumo) wanapenda sana kuulaumu, tumeuona mara chache kuliko haya.

Vikundi vingi vimejaribu dawa ya amande. Asiyefika analipa franka 500 ao 1000, mwenye kuchelewa analipa nusu. Tunajua fasi ilitoka. Ilitoka katika likelemba, ambamo mutu asiyeleta fungu lake anaharibu zamu ya mwenzake. Ilitoka pia katika salongo ya wakati wa Mobutu, ambapo watu walitoka na jembe kwa kuogopa. Katika likelemba amande ni haki: feza ya mwenzetu iko mikononi mwetu, tukikosa sisi, yeye njo anaumia. Lakini mutu ambaye hakuja kukimbia amenyanganya nani?

Tena amande inageuza maana ya kukosa. Mbele yake, aliyekosa alikuwa mwenzetu ambaye hatujui ana shida gani. Nyuma yake amekuwa mwenye deni, na mwenye deni anapita avenyu ingine. Tulimuona mama mumoja, muuza samaki, aliyeuguza mutoto wake juma tatu. Mutoto akapona, lakini mama hakurudi, sababu kwa hesabu ya komite alidaiwa kupita faida yake ya siku mbili. Mutu aliyehitaji kikundi kuliko wote, kanuni ilimufungia mulango. Na mwaka 2025, benki za Goma zilipofunga, hata wenye mushahara walikosa franka mukononi; vikundi vilivyoshikilia daftari ya amande vilibaki na daftari.

Wenye kutetea amande wanajibu kwamba pasipo kanuni kikundi kinakufa polepole: leo mumoja, kesho watatu, mwisho kiongozi anaimba peke yake kama kichaa. Hawasemi uongo. Kikundi kisichomuomba mutu kitu chochote hakina uzito kwake. Lakini kuna njia ingine ya kumuonyesha mutu kwamba kukosa kwake kumeonekana. Wazee wetu, mutu asipoonekana shambani siku mbili, hawakuandika jina lake. Walituma mutoto aende kuangalia kama moto unawaka pale nyumbani. Hatutaki kuipamba desturi hiyo: walituma mutoto kwa kuhurumia, na walimutuma pia kwa kuchungulia, maana kijiji kinapenda kujua mambo ya watu. Hata hivyo mugonjwa hakufa peke yake.

Padri Placide Tempels, Mubelgiji aliyefanya kazi Katanga, aliandika katika kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu, kilichotoka Élisabethville mwaka 1945, kwamba kwa Mubantu kuwako ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu ya mutu inaongezeka ao inapungua kwa kuguswa na nguvu za wengine. Wasomi wa Afrika walimukosoa, na kwa haki. Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin alikataa wazo kwamba watu wote wa bara hili wanabeba filozofia moja bila wao kujua. Sisi pia hatupendi mutu atuambie tunawaza namna gani. Lakini tuache neno «Wabantu» pembeni, tuangalie asubuhi moja tu ya futingi. Mutu yule yule, muguu ule ule, kilima kile kile: peke yake anasimama katikati, ndani ya wimbo anafika juu. Ile nguvu ya nusu ya pili ya kilima ilikuwa ya nani? Akisema ni yake, mbona jana haikuonekana? Tukisema ni ya kikundi, mbona ni miguu yake iliyopanda? Kwa maoni yetu ni nguvu ya kuazima, na kitu cha kuazima kinakuwa na mwenye kukidai na mwenye kukidaiwa. Njo maana tunasema wenzake wana deni kwake. Walipokuwa wazima na yeye alikuwa muzima, sauti yake pia iliwapandisha.

Sasa namna ya kulipa deni hilo. Hapa tunaomba msaada kwa chukudu. Sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama katikati ya muji wetu, lakini tunasema juu ya ile ya kweli, ya muti, yenye magurudumu yaliyovikwa mupira wa tairi, inayoshuka toka Kibumba na magunia ya viazi, makabichi na makala. Kwenye muteremko mwenye chukudu hahitaji mutu. Kwenye mupando anahitaji mikono nyuma. Angalia vizuri wale wanaosukuma: hawashiki usukani. Usukani unabaki kwa mwenye muzigo. Hawamuulize mbele ya yote kwa nini amepakia mingi hivi. Na wakifika juu, mikono inatoka.

Vikundi vyetu vinakosea pande zote mbili. Kuna vinavyomuacha mutu kwenye mupando, vikisema mwili ni wake, uhuru ni wake. Kuna vingine vinavyomunyanganya usukani: wanakuja watu kumi mulangoni, wanaimba, majirani wanatoka kuangalia, na mugonjwa wa watu anavaa viatu kwa haya. Huyo atakuja siku mbili, ya tatu ataumia muguu ao atahama. Tunafikiri inafaa aende mutu mumoja, rika lake, saa ya jioni, mikono mitupu ao na ndizi kidogo. Aseme tu: «Yaya, hatukuonake siku mingi, tulikuwa tunakuwaza.» Asiulize utarudi lini. Na siku yaya atarudi, awekwe mustari wa mbele, si kwa heshima, ila sababu wa mbele njo anaamua mwendo, na wote watakwenda kwa pumzi yake bila mutu kutangaza kwamba wanamungoja.

Lakini yeye pia ana deni lake, na hapo tunakuwa wakali kidogo. Anapashwa kusema. Mutu anayetoweka bila neno, kisha anakasirika kwamba hawakumutafuta, anawaomba wenzake wawe walozi wa kusoma moyoni. «Niko na kilio», «niko na shida ya feza», «nimechoka na ninyi kidogo»: hata hilo la mwisho ni neno, na kikundi kinaweza kulichukua.

Wazee wanapenda kutukumbusha Muhammad Ali katika Kinshasa mwaka 1974. Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, na pambano likasukumwa toka tarehe 25 Septemba mpaka 30 Oktoba. Zaidi ya mwezi mzima wa kungoja kwa wote wawili. Ali, ambaye aliwahi kunyanganywa taji mwaka 1967 na kuvunjwa taya mwaka 1973, alitumia siku hizo kati ya watu, akikimbia na kuongea nao, na uwanjani waliliita jina lake. Foreman alijitenga. Hatusemi kelele za watu zilimuangusha Foreman katika raundi ya nane. Ngumi za Ali zilifanya hiyo kazi. Tunasema tu kwamba wote wawili walikuwa na siku zile zile za kungoja, na hawakuzitumia sawa.

Katika kikundi tunachokijua zaidi, mabishano ya mwaka huu yamekuwa juu ya daftari ya majina. Kanuni ya zamani ilisema: miezi mitatu bila kuonekana, jina linafutwa. Nyuma ya vita, kama kanuni ingefuatwa, karibu nusu ya daftari ingefutwa kwa mustari mumoja. Wengine wako Bujumbura, wengine Kampala, mumoja yuko katika kambi ya Nakivale, Uganda, ambako saa imetangulia yetu kwa saa moja. Huyo anatuma ujumbe wa simu asubuhi mingi: «Mumeamka?» Anasema amepata watu sita wa kukimbia nao, na kwamba nyimbo zetu wamezishika vibaya.

Komite imepatana kutofuta. Mbele ya jina inaandikwa fasi mutu yuko: Bujumbura, Nakivale, nyumbani na mutoto muchanga, hospitali. Asiyejulikana fasi yuko, inaandikwa jina la mutu aliyepewa kazi ya kuuliza. Mama wa samaki jina lake lingali, na deni limefutwa, ijapo wawili katika komite walikataa kuweka mukono. Juu ya wale watatu waliokufa hatujapatana bado. Wengine wanataka majina yao yahamishwe kwenye ukurasa wa nyuma, wengine wanasema yabaki pale pale kwenye orodha, yasomwe na mengine siku ya posho, na mutu aitikie.